Si Kanda la Usufi

Wahenga walituachia msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hawakuusema kwa kutusifu, walikuwa wakitusuta. Jirani akipita na mzigo wake, sisi tulioketi barazani huuona mwepesi kama sufi iliyotiwa ndani ya kanda, na shingo yake ikibonyea hudhani ni madaha. Asubuhi moja ya masika, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nimeketi na wenzangu kwenye baraza yetu huko Ng'ambo, mjini Unguja, kikombe cha kahawa mkononi, alipopita mama mmoja wa mtaa wa nyuma yetu amembeba mgongoni mwanawe, mvulana wa miaka 9, kwa kanga aliyoifunga vile vile tufungavyo mbeleko kwa mtoto wa miezi 9. Miguu ya mtoto ilikuwa imekakamaa na kupishana kama makasi, ikining'inia hadi magotini mwa mama. Kichwa kilikuwa kikianguka bega hili, kisha bega lile. Kondakta wa daladala alimtaka alipe nauli ya watu wawili. Sisi tulimpa pole. Tulimpa kwa taadhima, kila mmoja kwa zamu yake, na mzee mmoja akaongeza dua, kisha mazungumzo yakarejea pale yalipokatika. Nami nilikuwamo, na sikusimama.

Tangu siku hiyo, kwa sababu nitakazozieleza mbele, nimejifunza kidogo juu ya watoto wenye mahitaji maalumu na juu ya misaada iliyopo katika nchi zetu kwa ajili ya wazazi wao, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaandika, nikiwakusudia wasomaji wa namna mbili: yule aliyejaaliwa mtoto wa aina hiyo na hajui aanzie wapi, na yule aketiye barazani. Muradi wangu ni mmoja. Misaada ipo, ingawa ni akali na imetawanyika. Walakini kila msaada, uwe wa serikali, wa hospitali au wa jumuiya, una mlango wake, na kwenye kila mlango pana foleni, na katika foleni hiyo hapana budi asimame mtu ambaye nyumbani ana mtoto asiyeweza kuachwa peke yake. Kwa hiyo kitu cha kwanza ilichopungukiwa familia ya namna hii aghalabu si fedha, ijapokuwa fedha nazo hazipo, ni muda. Na muda ni kitu ambacho jirani yeyote, hata akiwa fakiri, anacho cha kutoa.

Nianze na ulimi, maana ndio hutangulia kuumiza. Majina tuliyorithi, kama zezeta, punguani na taahira, yalikwisha kuwa matusi zamani, na hayafai kutamkwa mbele ya mtoto wala nyuma yake. Lugha yetu yenyewe iliwavika watu hawa vazi la vitu, ikawaita kipofu, kiziwi, kiwete na kibyongo, kwa ki- ile ile ya kiti na kisu. Lakini tazama insafu ya sarufi, kwamba hakuna Mswahili asemaye kiziwi kimekuja, bali husema kiziwi amekuja, kwa upatanisho wa mtu. Basi walau tusiwe duni kuliko sarufi. Siku hizi husemwa mtoto mwenye ulemavu, mwenye usonji, mwenye utindio wa ubongo, ambao wenzetu wa Kenya huuita mtindio, na maneno hayo yana staha. Ila bora kuliko yote ni jina alilopewa mtoto na wazazi wake. Mama akizoea kusema "huyu mgonjwa wangu", mtaa mzima utamwita mgonjwa, na akimwita kwa jina lake, wengi wataona haya kumwita kwa jingine.

Jambo la pili ni kujua mtoto ana nini, na kulijua mapema. Yako mambo ambayo yakiwahiwa huondoka kabisa, na yako yasiyoondoka bali hupunguzwa uzito kwa malezi na mazoezi. Na msiba wa wazazi wengi ni kuyachanganya, wakakata tamaa mahali penye dawa, na wakamaliza mali kutafuta dawa mahali panapotaka malezi. Mguu kifundo, yaani nyayo zilizogeukia ndani tangu kuzaliwa, ni katika yale yanayoondoka. Njia itumikayo leo ni ya tabibu Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani: mguu hunyooshwa kwa mikono taratibu na kufungwa plasta, plasta hubadilishwa kila wiki kwa muda wa wiki 5 hadi 8 hivi, kisha aghalabu hukatwa kidogo kano ya kisigino, na mtoto akavishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, usiku na mchana kwa miezi 3, na baada ya hapo wakati wa kulala tu mpaka afikie umri wa miaka 4 hivi. Watu huiogopa plasta. Kumbe mambo huharibika kwenye viatu, kwa maana mama akiona mguu umenyooka na mtoto analia usiku, huvivua, na mguu ukarejea ulivyokuwa. Mdomo wa sungura nao hushonwa ukapona, na hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, Dar es Salaam, ina sifa ya siku nyingi katika kazi zote mbili.

Kichwa maji ni jambo la siku, si la miezi. Ukiona kichwa cha mtoto mchanga kinakua upesi kuliko mwili, utosi umetuna na macho yanatazama chini kama jua linalotua, usingoje arubaini iishe. Mpeleke hospitali kubwa, kama vile Taasisi ya Mifupa iliyoko Muhimbili, au Mnazi Mmoja kwa walio Unguja, wakamwekee mrija wa kuyaondoa maji. Huko Mbale, Uganda, tabibu wa Kimarekani Benjamin Warf aliendeleza mwanzoni mwa karne hii njia nyingine, ya kuyafungulia maji mlango ndani ya ubongo wenyewe bila kuacha mrija, na elimu hiyo ikasafiri kutoka kwetu kwenda Marekani, ambayo si safari ya kila siku. Ama mgongo wazi, kinga yake kubwa ni vidonge vya foliki asidi, na mwenye kuitaka faida yake aanze kuvitumia kabla ya kushika mimba, kwa kuwa mfereji wa uti wa mgongo hufunga katika siku 28 hivi za mwanzo, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Na mtoto mchanga akiingia manjano siku ile ile aliyozaliwa, au manjano yakashuka hadi viganjani na kwenye nyayo, jua la asubuhi halimtoshi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana manjano yakipanda ubongoni huweza kuacha utindio au uziwi.

Kifafa kina hadithi yake. Karibu na mwaka 1960, tabibu mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alipofika Mahenge katika milima ya Ulanga, aliwakuta wenye kifafa wana makovu makubwa ya moto, kwa sababu aliyeanguka jikoni hakuguswa: watu waliamini kwamba povu la mdomoni huambukiza. Haliambukizi. Mtoto akianguka, mwondoe penye moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala ufunguo mdomoni, usimshike kwa nguvu, ngoja degedege imalize. Ikipita dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura. Dawa zake zipo na nyingine ni za bei nafuu, ila zina sharti moja ambalo wengi hulivunja, nalo ni kwamba haziachwi ghafla kwa sababu tu mtoto amepitisha miezi mitatu bila kuanguka.

Sasa nirejee kwa yule mama. Wiki chache baada ya siku ile alikuja kwangu alasiri, kwa vile alijua nilikuwa mwalimu, akasema, "Maalim, niandikie barua ya kwenda kwa sheha." Nikamwambia nitakwenda kwake kesho nimwone mtoto, nipate kuandika nikijualo. Nilimkuta akimlisha. Alikuwa amempakata chali mapajani, kichwa kimelala mkononi na kidevu kimeelekea dari, akimmiminia uji mwepesi kwa kikombe, naye mtoto akikohoa baada ya kila funda, machozi yakimtoka. Mlo ule ulichukua saa nzima kwa saa ya ukutani, na kwa siku ilikuwa milo mitatu. Nilipomwambia pole, alitabasamu bila kuniangalia, akasema, "Pole ninazo za kutosha, Maalim. Nishikie mtoto nikakoge." Nikamshika. Nilikuwa nimelea watoto watano, na sikujua jinsi ya kumshika yule mmoja. Nilimkamata kama mtu aliyepewa sinia la vikombe juu ya ngazi.

Mtoto yule hakulia alipozaliwa, baada ya uchungu wa siku mbili, na ubongo uliokosa pumzi dakika zile haurudishiwi na sindano, wala mizizi, wala kombe. Mama alikwisha kuuza herini zake za masikioni na cherehani kwa waganga, nami simlaumu, kwa kuwa hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amekaa naye akamweleza kwa lugha yake utindio wa ubongo ni nini. Maelezo hayo ni haki ya mzazi, na mzazi asione haya kumwambia daktari, "Sikuelewa, niambie tena." Tulipompata hatimaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alifanya jambo ambalo halikugharimu senti: alibadilisha namna ya kulisha. Mtoto akae wima, nyonga na magoti yamekunjwa, kichwa kimeinama mbele kidogo kama mtu asomaye. Mlishaji akae mbele yake, macho yake yawe sawa na ya mtoto, asimwinamie kutoka juu. Uji uwe mzito wa kushika kwenye kijiko, maana ule mwepesi hukimbia na kupotea njia ukaingia mapafuni, na huko ndiko zinakotoka homa za kifua zisizokwisha. Kijiko kije kwa mbele na kwa chini, kilale juu ya ulimi na kuukandamiza kidogo, kisha mkono usubiri mpaka midomo ifunge na funda lishuke. Subira hiyo, ya kuhesabu moja hadi kumi, ndiyo ngumu kuliko yote. Kikohozi cha mlo kilipungua sana katika wiki ya kwanza.

Na kiti. Viti vya watoto hawa huuzwa ghali, lakini iko sanaa iliyoanzishwa Zimbabwe na Bevill Packer, ya kutengeneza viti kwa karatasi. Maboksi makuukuu hupakwa gundi ya uji wa unga, yakabandikwa tabaka juu ya tabaka, yakakandamizwa kwa mawe na kuanikwa hata yakawa magumu kama ubao. Kisha hukatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, mgongo, kiti, meza ya mbele na kigingi cha kutenga mapaja, vikaungwa kwa vipande vya karatasi na gundi ile ile, vikapakwa rangi ya mafuta visinyonye maji. Tulikitengeneza uani kwangu kwa maboksi ya maduka ya Darajani. Cha kwanza kilipinda kwa sababu tulikuwa na haraka ya kukikausha. Cha pili kimedumu.

Nije kwenye makaratasi ya namna nyingine, yasiyokaliwa. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitutembeza siku tatu. Siku ya kwanza dirisha la kwanza lilitaka cheti cha kuzaliwa. Siku ya pili, cheti kikiwapo, dirisha la pili lilitaka barua ya sheha. Siku ya tatu barua ikaonekana haina tarehe, na mwenye dirisha la tatu alikuwa amekwenda msibani. Mara zote tatu mama alikuwa na mtoto mgongoni. Kilichonikera si masharti, maana kila serikali ina masharti. Ni kwamba hakuna aliyeyasema yote kwa pamoja. Basi chukua nasaha hii: kwenye dirisha la kwanza kabisa, kabla hujatoa karatasi yoyote, omba uandikiwe kila kitu kitakachotakiwa hadi mwisho, uandike jina la aliyekujibu na tarehe. Nyumbani weka bahasha moja ya plastiki yenye kifuniko, isiyoingia maji, na ndani yake ziwemo nakala mbili mbili za cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, ripoti ya daktari yenye jina la hali ya mtoto, kitambulisho cha mzazi, picha ndogo za mtoto, na barua ya mkuu wa mtaa, awe sheha kwa Visiwani, mwenyekiti au mtendaji kwa Bara, chifu kwa Kenya. Asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa na aanze na hicho, kwa kuwa bila hicho mengine yote hukwama.

Sheria zipo, nami nitazipitia kwa haraka, maana sheria haipakati mtoto. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wake wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006; Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka huo huo, na ikaitunga upya mwaka 2022; Tanzania Bara ina ya mwaka 2010; Kenya ilikuwa na ya mwaka 2003 na sasa ina ya mwaka 2025. Faida ya kuzijua ni kwamba mtu huingia ofisini akiwa mdai haki, si mwomba hisani, na sauti hubadilika.

Katika vitendo, aliye Bara na amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, amuulize kuhusu kaya zinazosaidiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na akumbuke kwamba kwa sera ya afya mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika hospitali za serikali, ingawa dawa yenyewe mara nyingi hubidi kununuliwa dukani. Iko pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri itengwayo kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu, na kikundi cha akina mama wenye watoto hawa kinaweza kuomba kama kikundi cha wanawake chochote. Aliye Kenya na amsajilishe mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na aulize kuhusu Inua Jamii, ambayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa; ni fedha ambayo nepi peke yake huweza kuimaliza, lakini ni bora kuliko pole. Aliye Unguja au Pemba ana Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, ana Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ulioasisiwa mwaka 1985, na kwa watoto wenye ulemavu wa akili iko jumuiya yao, ijulikanayo kwa herufi ZAPDD, ambayo imefanya kazi nyingi ya kuwaingiza watoto hao katika skuli za kawaida. Dar es Salaam liko shirikisho la vyama vyote, SHIVYAWATA, na asiyejua chama kimfaacho ataelekezwa hapo. Mombasa iko APDK, chama cha tangu mwaka 1958, ambacho hushughulikia viungo na vifaa vya kutembelea, na ndicho kilichoanzisha karakana za Bombolulu mwaka 1969, ambamo watu wenye ulemavu hufanya kazi na kuishi kwa jasho lao. Mpeleke mtoto akaione karakana hiyo akiwa bado mdogo; zaidi ya hayo, mpeleke baba yake.

Juu ya skuli kuna mengi, nami nitasema mawili. Kwanza, mtoto apimwe kabla ya kuchaguliwa skuli. Kenya ina vituo vya tathmini, vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ambavyo humwangalia mtoto na kumwelekeza mahali pa kusomea, na huko Kasarani, Nairobi, iko taasisi ya elimu maalumu iliyofunguliwa mwaka 1986. Bara walimu wa fani hii hufundishwa katika chuo cha Patandi, Arusha, na mwalimu aliyepita hapo akiwa katika wilaya yako ni hazina, mtafute. Mtoto mmoja niliyemfundisha zamani nilimpiga kofi kwa ukaidi, na kumbe alikuwa hasikii kwa sikio la upande nilikokuwa nikisimama. Sijajisamehe.

Pili ni mambo ya bweni. Zipo skuli za bweni zenye heshima kubwa na za umri mrefu, Buigiri ya wasioona huko Dodoma tangu mwaka 1950, ya viziwi Tabora tangu mwaka 1963, Thika ya wasioona tangu mwaka 1946, na Pwani ya Kenya ziko Likoni, Ziwani na Kibarani. Na wapo waliotoka humo wakawa walimu na mawakili. Sizipingi. Ninalolipinga ni bweni kutumiwa kuwa mahali pa kumsitiri mtoto machoni mwa watu. Mtoto kiziwi hurudi likizo ana lugha nzima mikononi, akamkuta mama yake hajui hata alama ya maji, na mwezi mzima wa likizo unakuwa mwezi wa ububu kwa wote wawili. Familia nzima na ijifunze lugha ya alama, na mwalimu bora kabisa ni mtoto mwenyewe. Mpe kila usiku nafasi ya kuwafundisha alama tano, naye atakaa kitako kama mudiri wa skuli.

Lakini lililo kubwa kuliko taasisi zote hizi, kwa nilivyoona kwa macho yangu, ni kikundi cha wazazi wenyewe. Huko Kilifi, vikundi vya walezi wa watoto wenye ulemavu vimekuwa vikikutana, vikiweka akiba na kufarijiana, hata watafiti wakaona vinafaa kufuatiliwa. Chetu kilianza na akina mama watatu, waliokutana foleni moja ya kliniki. Mkitaka kuanzisha chenu, msianze na katiba, wala muhuri, wala mwenyekiti; anzeni na mkeka na siku maalumu. Siku moja ya wiki, mahali pamoja pasipobadilika, watoto wote walazwe mkekani, na mama mmoja aliyefundishwa mazoezi na mtaalamu awafundishe wenziwe, mikono juu ya mikono. Kisha muingie upatu, kima cha chini ambacho hata aliye dhaifu kuliko wote hatakikosa, na mafungu ya mwanzo yawe ya nauli za hospitali, si ya mtaji, kwa sababu kliniki nyingi hukatizwa kwa ukosefu wa nauli, si kwa ukosefu wa imani. Kisha muwekeane zamu: wawili wabaki na watoto wote, wengine waende sokoni, hospitali, au wakalale. Ndiyo, wakalale. Mama asiyelala usiku kwa ajili ya degedege ana haki ya kulala saa tano mchana bila kuitwa mvivu. Muhuri na usajili vitakuja baadaye, mtakapotaka mkopo au msaada wa jumuiya kubwa, na siku hiyo mtakuwa na kitu cha kusajili.

Akina baba wanahitaji aya yao, nami nitaiandika kwa hasira kidogo. Wengi huondoka, na wanapoondoka huacha nyuma yao neno kwamba kwa upande wao hakuna watoto wa aina hii, kana kwamba damu ya mtoto ilitoka kisima kimoja. Uchungu uliochelewa, manjano yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwani, hivi ndivyo visababishi vya kila siku, na hakuna hata kimoja kinachouliza ukoo. Imamu na padri wakilisema hili mara moja kwa mwaka mbele ya jamaa watakuwa wamefanya kazi kuliko makala haya. Na wakiwa wamesimama hapo, wakumbushe pia kwamba zaka ina mafungu yake manane, na kwamba mafakiri na maskini ndio waliotajwa mwanzo. Wenye mali waulize katika mtaa wao ni nyumba ipi yenye mtoto asiyetoka, na wasimpelekee mama kilo ya sukari siku ya sikukuu peke yake, bali wamlipie nauli ya kliniki ya mwaka. Aidha wawatazame madada. Katika nyumba nyingi yuko msichana wa miaka 11 au 12 aliyeacha kusoma polepole, siku moja moja, kumshika ndugu yake, na hakuna daftari lililoandika kwamba ameacha.

Tusiwe wepesi wa kulaani tukisikia kwamba mtoto amefungiwa chumbani. Wako madhalimu, na hao waripotiwe kwa sheha au polisi bila ya kuchelewa. Lakini aghalabu nyuma ya komeo yuko mama aliyekwenda kuuza vitumbua ili mtoto huyo huyo ale, akafunga mlango kwa sababu barabara iko hatua tatu kutoka kizingitini. Mwulize kwanza anatoka saa ngapi.

Liko swali ambalo wazazi hawa hulala nalo na kuamka nalo, nalo ni nani atamtunza mtoto watakapokufa. Dawa yake si kulikimbia. Andikeni wasia, mteueni wasii mbele ya mashahidi mtoto angali mdogo, na huyo wasii aanze kumlisha na kumwogesha sasa, ili siku ya msiba mtoto asikabidhiwe kwa mgeni. Kwa Waislamu, ulemavu haumpunguzii mtoto fungu lake katika mirathi. Na Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambapo mtu aweza kupata shauri la mali ya asiyeweza kuisimamia mwenyewe.

Yule mvulana sasa ana miaka 13. Hasemi, lakini hucheka kabla ya mwisho wa hadithi, kwa hiyo najua anafuata. Kiti chake cha karatasi tulikihamishia barazani, baina yangu na yule mzee wa dua, na mama yake amenunua cherehani nyingine, ya mkono wa pili, ambayo huitumia siku watoto wanapokuwa kwa wengine. Jumamosi ni ya mke wangu, Jumatatu ni ya muuza kahawa, ambaye hakuombwa bali alijitolea. Mimi ni Alhamisi, alasiri hadi adhana ya magharibi.